Nani Aliichelewesha Ndege ya Entebbe

Ruiru, 3 Mei 1959

Shangazi yangu Mwanarusi,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila matope ya mwaka huu yamenila kiatu kimoja, cha kushoto, nacho hakikuonekana tena. Mwenye nyumba wangu, Kagwe, anakusalimu. Ng'ombe wake amezaa ndume, na tangu siku hiyo hatulali kwa furaha yake. Mahamri yalifika. Yalifika manne, sijui yalitoka Thika mangapi.

Sasa neno lenyewe. Shemeji amenipigia simu ofisini kutoka Jinja. Dada Fatu amekaribia kujifungua na anakuita wewe mama yake. Kwa gari la moshi ungemkuta mtoto ameshaanza kutambaa, kwa hiyo mkweo amekukatia tikiti ya ndege mpaka Entebbe. Iko kwetu ofisini, nimeiona kwa macho.

Ndege, Shangazi, si gari la moshi. Huwezi kuikimbilia ikiondoka ukavutwa mkono na wasamaria. Inabidi ufike mapema Embakasi, uende kwa karani, sanduku lako lipimwe, kisha na wewe mwenyewe upande mzani. Ndiyo, wewe mwenyewe. Ndege hii si kubwa, na rubani lazima ajue uzito wa kila kiumbe ndipo ajue atie petroli kiasi gani na nani akae wapi. Mwenye mzani ni mimi. Nausoma kwa sauti, karani anaandika, na mlango haufungwi mpaka hesabu ya ndani ilingane na hesabu ya nje.

Nakueleza haya kwa sababu ndege ikichelewa kwetu hakuna anayesema "bahati mbaya". Dakika iliyochelewa haiachwi yatima. Lazima itafutiwe baba. Ama ni watu wa petroli, ama wa mizigo, ama wa ngazi, ama wa mzani. Mpaka leo mzani haujapata mtoto wa namna hiyo, na mimi naomba usipate.

Sanduku moja tu, Shangazi. Nakujua. Moja.

Mwanao anayekuheshimu,
Yahya


Thika, Kamenu, 9 Mei 1959

Mwanangu Yahya,

Marahaba. Mahamri yalitoka kumi na mawili. Mwulize huyo dereva aliyeyaleta, uliyempa uaminifu. Pole kwa kiatu. Jirani yangu Waithira hatimaye amepewa ruhusa ya serikali ya kwenda Fort Hall kumwona mamake, lakini karatasi ilipofika siku za ruhusa zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo ameitundika ukutani kama picha. Mzee Swaleh, baba wa mchumba wako, nilimkuta msikitini mlangoni akaniuliza kama kazi yako ni ya kudumu. Nikamwambia bila wewe ndege haziruki. Usinitie aibu.

Habari ya Fatu imenitoa machozi. Nitakwenda. Lakini hilo la mzani, Yahya, mimi si gunia la kahawa. Tangu lini mtoto akampima shangazi yake, tena akatangaza kwa sauti mbele ya wanaume? Nimekutawaza wewe kwa mikono hii. Nitapanda, kwa sababu ya Fatu, lakini utafumba macho.

Fatu ameniandikia anataka vitu vya nyumbani: pasi ya makaa ya marehemu bibi yako, ile yenye jogoo juu ya kifuniko, na mchi wa kinu, na sinia ya shaba. Anasema hawezi kutoka arobaini na vitu vya dukani. Nimemjibu kwamba mpwa wangu mkubwa wa uwanja wa ndege amesema sanduku moja.

Nitakuja na sanduku moja. Neno langu ni hilo.

Shangazi yako,
Mwanarusi


Ruiru, 30 Mei 1959

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini Fatu amejifungua salama na wewe umepumzika. Barua hii naituma Kamenu, Waithira akuwekee mpaka urudi, maana anwani ya Jinja nimeipoteza katika mkanganyiko wa wiki hii. Ndume wa Kagwe anaendelea vizuri. Mimi siendelei vizuri.

Nakueleza uliyoyaona ili nawe unieleze nisiyoyaona.

Ulifika mapema, Mungu akulipe. Sanduku moja, kweli. Ila ulikuwa unatembea polepole kama bibi harusi, na kila hatua ndani ya buibui kulikuwa na mlio. Nikauliza, "Shangazi, nini hicho?" Ukasema, "Bangili." Nikanyamaza, kwa sababu wewe ni Shangazi.

Ukapanda mzani. Mshale uliruka kama umeumwa na nge. Nikausoma kwa sauti, kama sheria inavyotaka, na samahani. Karani akakutazama wewe, akautazama mshale, akacheka. "Mama huyu mwembamba, na uzito ule? Ana mifupa ya risasi? Mzani wako umekufa." Akaitwa Wamalwa, fundi wa mizani, mtu asiyejua kufanya jambo nusu. Akaufungua mzani wote pale sakafuni, skrubu zikatapakaa mpaka chini ya viatu vya abiria. Ndipo ukasema unataka chumba cha wanawake.

Ulikaa humo. Ulikaa sana. Ulipotoka, Shangazi, ulikuwa unatembea kama msichana anayekwenda ngomani. Wamalwa alikuwa amesema mzani hauna ugonjwa, ameurudishia. Ukapanda tena. Mshale ukasimama mbali, huku chini, kama vile nusu yako imebaki chooni. Karani akanigeukia: "Haya, Yahya, katika wanawake hawa wawili, anayesafiri ni yupi?"

Tukapima abiria wote upya. Mzungu mmoja mnene alikasirika. Lakini tulimaliza! Nakumbuka tulimaliza, na watu wakakaa kwenye mabenchi wakijipepea kwa jua la siku ile, wakakaa weee, ndipo mkaitwa.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Meneja akasema ndege ya Entebbe ilichelewa na kosa ni la mzani. Nikasema tulimaliza mapema. Akasema rubani ameeleza kwamba yeye alikuwa ameshakaa ndani ya ndege zamani sana, anausubiri mzani. Neno la rubani halipimwi. Basi nimeondolewa mzanini mpaka shauri lisikizwe. Sasa namwaga ndoo za vyoo vya ndege. Nikionekana na hatia, hata ndoo hizo nitanyang'anywa, na Mzee Swaleh hawezi kumpa binti yake mtu aliyeshindwa hata na ndoo.

Naomba neno moja tu. Katika chumba kile cha wanawake ulifanya nini?

Mwanao,
Yahya


Ruiru, 19 Juni 1959

Shangazi,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Niliswali Ruiru. Watu waliniachia nafasi kubwa katika safu, nadhani kwa sababu ya kazi yangu mpya.

Waithira amenitumia salamu na dereva kwamba hujarudi, na kwamba Fatu amepata mtoto wa kike. Alhamdulillahi. Barua yangu iko juu ya kabati lako, chini ya kopo la chumvi. Ukirudi usianze na chumvi.

Yahya


Thika, Kamenu, 12 Julai 1959

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Nimerudi juzi kwa gari la moshi. Shemeji yako alinipa tikiti ya ndege ya kurudia, nikamwambia amwuzie mwingine. Nimeshaona mawingu, yanatosha.

Mtoto ni mzuri, mwekundu kama tunda la kahawa, na ana paji la uso la marehemu baba yako. Fatu yu mzima. Wanakula ndizi za kupika asubuhi, mchana na jioni, na mimi nikala mpaka nikaanza kuota nimefungwa kwenye jani. Jinja mto unatoka ziwani kwa kelele, wala hawaoni ajabu. Nilimkanda Fatu siku zote arobaini isipokuwa chache za mwisho. Waithira amenitunzia kuku vizuri sana, amewala wawili tu.

Barua zako nimezisoma. Pole mwanangu. Kazi ya ndoo si aibu. Aibu ni kuiba. Mtume mwenyewe alishona kiatu chake. Kuhusu swali lako, mwanamke akiingia chumba cha wanawake haulizwi, na mtoto niliyemlea mimi nilidhani analijua hilo. Nilitawadha. Nikapumzika. Nilikuwa na safari.

Na huyo rubani kusema alikuwa ndani ya ndege zamani, ana macho makavu! Mtu hata kufika alikuwa hajafika. Lakini hayo si yangu, mimi sikuona kitu.

Nakutumia mahamri, kwa mkono wa dereva mwingine.

Shangazi yako


Ruiru, 17 Julai 1959

Shangazi,

Shikamoo. Mahamri yamefika yote. Nimefurahi kwa mtoto, na Kagwe amefurahi mpaka akanipa maziwa bure, jambo ambalo halijapata kutokea Ruiru.

Umeandika kwamba rubani alikuwa hajafika. Kisha ukaandika kwamba hukuona kitu. Nimeisoma mistari hiyo miwili mara nyingi, mmoja unamtazama mwenziwe kwa mshangao.

Sasa nisikilize. Jana shati langu la kazi lilikuwa limekunjamana, nikaenda kwa Katunge, yule mama anayefagia chumba cha wanawake uwanjani. Ana kibanda nyuma ya stoo na huwapigia watu pasi. Nikamkuta anapiga. Juu ya kifuniko cha pasi amekaa jogoo, na jogoo yule hana kishungi, kwa sababu kishungi chake nilikivunja mimi nikiwa mdogo, ukanichapa.

Nikamwuliza, "Katunge, pasi hii umeitoa wapi?"

"Ni ya mama mmoja abiria. Aliivua akaniachia."

"Aliiacha."

"Aliivua. Alikuwa ameivaa. Hapa," akajishika kiunoni, "kwa kanga. Na mchi huku mgongoni, umesimama. Na sinia tumboni, kama askari wa zamani. Nilimsaidia kufungua mafundo. Mafundo yale, baba, hata meli haiwezi kung'oka. Akaniambia atavirudia vitu vyake, mpaka leo."

Nikakaa chini. Nikacheka, kusema kweli. Kisha nikamwuliza kama mliona kitu kingine. Akatazama mlango. Akasema kile chumba kina kidirisha kinachoelekea njia ya nyuma, na mlipokuwa mkifungua mafundo ya mwisho, gari lilikuja mbio likamshusha rubani, koti juu, nguo za kulalia chini, sabuni ya kunyolea bado shavuni. Na mzani ulikuwa umeshakwisha fungwa, maana mlimsikia Wamalwa akiimba, na yeye huimba akimaliza kazi. Rubani akaingia ndani kunyoa na kuvaa, na hata abiria walipokaa mabenchini alikuwa bado hajatoka.

"Katunge, utalisema hilo kwenye shauri?"

"Mimi nina watoto, Yahya. Nikisema nimemwona mzungu na nguo zake za kulalia, swali la kwanza wataniuliza nilimwona wapi."

Shangazi, sikuandika haya ili nikubane. Nimefikiri usiku na mchana. Wewe ndiye unayewafunda mabibi harusi wa Kamenu yote. Mama wa watu wanakuletea binti zao uwafundishe adabu na kusema kweli. Nikiitaja pasi, watataka uletwe, na utasimama mbele ya wazungu ueleze ulichokuwa umevaa. Sitaitaja. Nitasema sijui, waamue. Kazi nyingine iko. Kagwe amesema atahitaji mtu wa kumchunga ndume.

Shauri ni mwezi ujao. Niombee tu.

Mwanao Yahya


Thika, Kamenu, 26 Julai 1959

Yahya,

Marahaba. Baridi ya Thika mwaka huu ni ya kuvunja meno. Asubuhi huoni jiko lako mwenyewe. Waithira ana mafua. Harufu ya mananasi kutoka kiwandani haivumi tena upande wetu, na mimi naikumbuka ingawa nilikuwa naitukana. Mzee Swaleh ananipita njiani akitazama juu, sijui anatafuta nini huko.

Nimekutumia koti la marehemu baba yako la kuvaa siku ya shauri. Mikono ni mirefu, ikunje kwa ndani.

Siku hiyo ya shauri ni tarehe ngapi hasa? Na hiyo ofisi iko mlango gani, wa mbele au wa kando? Nauliza tu, ili nijue nielekeze dua wapi.

Shangazi


Thika, Kamenu, 14 Agosti 1959

Mwanangu Yahya,

Salaam nyingi. Nyumbani wote wazima, kuku pia, waliobaki. Umeletewa salamu na Fatu. Mtoto ameanza kucheka.

Najua umekasirika. Ulinikuta napita pale kwenye benchi nikakwambia "usiniamkie," na wewe ukabaki mdomo wazi ndani ya koti la baba yako. Ungeniamkia ningegeuka nikarudi Thika. Nguvu zangu zilikuwa za kufika mlangoni tu, za zaidi sikuwa nazo. Sasa nakueleza yaliyotokea ndani, kwa kuwa ulifungiwa nje.

Walikuwa watatu mezani, na meneja wako katikati, na rubani kando amekunja mguu, amenyoa vizuri sana. Na mkalimani, kijana wa kutoka pwani anayejua Kiswahili kuliko anavyojua adabu. Wakaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye yule mama mwenye mifupa ya risasi.

Meneja akasema, "Mama, shauri hili ni la wafanyakazi. Abiria hahusiki."

Nikasema, "Bwana, mzani wenu haukukosea hata mara moja. Mara ya kwanza ulinipima mimi na pasi. Mara ya pili ulinipima mimi."

Mkalimani akakataa kutafsiri. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, una hakika?" Nikamwambia atafsiri au nitatafsiri mwenyewe kwa mikono. Akatafsiri. Wakatazamana. Yule wa kushoto akasema haiwezekani mwanamke kuvaa mzigo wa namna hiyo akatembea. Nadhani huyo hajaoa.

Basi nikasema, "Leteni mzani." Ndiyo maana uliuona ukiingizwa. Vitu nilikuwa nimevipitia kwa Katunge asubuhi. Nikaomba wote wageuke ukutani, wakageuka, hata rubani, nikajifunga kama siku ile: pasi, mchi, sinia. Wakageuka tena. Wamalwa akausoma. Ni uzito uleule ulioutangaza wewe mbele ya watu. Nikavua, wakiwa wamegeukia ukuta tena, nikapanda. Na wa pili uleule. Wamalwa akaanza kuimba, wakamtoa nje.

Hapo ningeweza kuondoka. Lakini meneja akasema, "Basi imethibitika kwamba ndege ilicheleweshwa na shughuli hii ya mzani." Rubani akatingisha kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikaona kumbe nimejivua nguo bure.

Nikasema, "Bwana rubani, mzani ulipokwisha fungwa, wewe ulikuwa wapi?"

Akasema alikuwa kwenye kiti chake ndani ya ndege.

"Na hizo nguo za kulalia, za mistari ya buluu, ndizo za kuendeshea ndege?"

Yahya, mkalimani alitafsiri hilo kabla sijamwomba. Rubani alibadilika rangi, akawa mwekundu kuliko mjukuu wangu. Meneja akaniuliza nimeyaona wapi hayo. Nikamwambia: dirishani, chumba cha wanawake, nikiwa nafungua mafundo, mikono ilikuwa na kazi, macho hayakuwa na kazi. Nikamweleza gari, koti, sabuni ya shavu la kulia. Yule wa kushoto akaanza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika.

Katunge sikumtaja. Na wewe usimtaje.

Mwisho nikawaambia, "Mkiona haya kumwandika yeye, niandikeni mimi. Mimi ndiye niliyevaa pasi. Kijana alisoma alichokiona." Meneja akasema kitabu chao hakina mahali pa kumwandika abiria, kwa sababu abiria amelipa nauli. Wakaniletea chai haina sukari. Nikainywa kwa adabu, nikatokea mlango wa kando.

Hapo ndipo unaponilaumu, kwamba sikukungoja wala sikukuaga. Nilikuwa nalia, mwanangu. Miaka yote hii nawafunda watoto wa watu wasimdanganye mume hata kwa bei ya vitunguu, na mimi nimetembea uwanjani nimeficha jiko zima tumboni. Sikutaka unione.

Kamenu wote wanajua tayari. Mkalimani ana binamu hapa. Nikipita, wanawake wananiuliza kama leo nimevaa sufuria. Waithira amewatukana kwa Kikuyu mpaka wakaingia ndani.

Shangazi yako


Ruiru, 29 Agosti 1959

Shangazi yangu,

Shikamoo, na mikono yako naibusu. Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kukuandikia mwisho wa jambo na si katikati yake. Hasira sina. Nilipokuona ukitokea mlango wa kando nilitaka kukukimbilia, lakini koti lilinizuia. Nilikanyaga mkono wake nikaanguka.

Nimerudi mzanini. Jumatatu waliniita, wakanipa kofia yangu, hawakusema samahani wala nini. Sasa kuna pazia. Kila abiria anapimwa nyuma ya pazia na uzito unaandikwa bila kutangazwa, na wanawake wanaingia kwanza kwa Katunge, ambaye anawauliza kwa upole kama kuna kitu wangependa kuvua. Wiki hii ameshapata masufuria mawili na cherehani ya mkono. Wameanza kumlipa kwa kazi hiyo, na anakuita "mama yangu".

Rubani bado anaruka. Lakini zamani alikuwa akinipita kama nguzo. Sasa akifika, mapema, amevaa vizuri, ananitangulia yeye: "Jambo, Yahya." Namwitikia kama sijui lolote.

Sasa utauliza, kwa kuwa nakujua: ile dakika iliyochelewa walimpa nani? Mimi sikupewa. Rubani asingepewa, unajua mwenyewe kwa nini. Wewe umelipa nauli. Watu wa petroli walisema wao hawakuwapo kabisa katika maneno haya na wakawaka kwa hasira nusura wagome. Jana nikaona karani ameandika, nikamwuliza. Akaniambia: ukungu.

Nikasema, "Bwana, siku ile abiria walikuwa wanajipepea kwa jua."

"Kulikuwa na ukungu."

"Ulikuwa wapi?"

Akagonga karatasi kwa kidole. "Hapa."

Nikaenda zangu. Shangazi, nilicheka njia nzima mpaka Ruiru, kisha nilipofika nyumbani sikujua kama nilikuwa nacheka au la.

Jambo la mwisho. Mzee Swaleh alikuja hapa mwenyewe Ijumaa. Nilidhani amekuja kuvunja. Alikaa, akanywa chai, akasema: "Nimesikia aliyoyafanya shangazi yako." Nikainamisha kichwa. Akasema, "Nyumba yenye mtu wa kukubali aaibike ili mwingine asidhulumiwe, binti yangu hataonewa humo." Harusi ni baada ya Maulidi. Ila ameomba mahari tuyalete mikononi, yakionekana.

Mwanao,
Yahya


Thika, Kamenu, 4 Septemba 1959

Mwanangu Yahya,

Marahaba, na hongera, na machozi yangu ni ya furaha safari hii. Waithira ameanza kuimba za kwao na mimi namwitikia za kwetu, na haziungani kabisa. Akina mama wawili wameniletea tena binti zao. Mmoja ameniambia, "Wafunde, lakini usiwafunde kufunga mafundo." Nimemwambia hilo nitalifundisha mwisho.

Jumapili naja Ruiru mwenyewe, tumeandikiana vya kutosha. Mambo ya harusi hayatiwi stempu. Mwambie Kagwe amfunge ndume wake.

Kuhusu ule ukungu, nimeufikiria sana. Ukungu hauna mwenyewe ila Mungu, kwa hiyo kesi wamemtupia Yeye. Nimeelewa kwa nini: hawezi kufukuzwa kazi, wala hana shangazi wa kwenda kumtetea. Lakini tazama walivyo, Yahya. Katika wote waliokuwa uwanjani siku ile, wamemchagua Yule pekee ambaye hajapata kuchelewa. Ukiswali leo, mwombe awasamehe, na umwambie kwamba sisi tulikuwepo, na jua lilikuwa linawaka.

Shangazi yako, mwenye uzito anaoujua yeye,
Mwanarusi